Mpishi Aliyekula Kwenye Hotpoti

Marahaba, marahaba. Najua hamjaniamkia bado, ila nimepokea mapema, maana vijana wa siku hizi shikamoo yenu huja na ombi nyuma yake. Na ombi lenu nalijua. Mnataka mzee aliyewapikia watoto miaka yote ile awape siri ya kumfanya mtoto ale. Wengine mnataka siri ya kumfanya apunguze kula. Binti yangu naye kaniletea mjukuu, Baraka, likizo nzima hapa Unyambwa. Zahanati walimwambia uzito wa mtoto umezidi umri wake, soda zipungue. Akamshusha na begi lake akasema, "Baba, wewe ndiye mtaalamu," kisha akaondoka na bajaji ileile iliyomleta.

Mtaalamu! Ngojeni kwanza niwasimulie huyo mtaalamu alikuwa mtu wa namna gani, halafu mwamue wenyewe kama mtoto wenu mnaweza kumwachia.

Nilikuwa mpishi wa bweni la shule ya msingi upande wa Itigi. Lilikuwa bweni la watoto ambao kwao ni mbali, watoto wa wafugaji na wakulima wa huko ndani ambako kwenda shule na kurudi siku hiyohiyo haiwezekani. Kazi yenyewe niliipata kwa uongo. Kabla ya hapo nilikuwa napakia mizigo stesheni, mgongo ukaanza kulalamika, nikasikia bweni linatafuta mtu wa jikoni. Nikamwambia mwalimu mkuu kwamba nimewahi kupikia kambi ya mafundi wa reli. Kweli niliwahi. Niliwapikia chai, na hata hiyo walisema inanuka moshi.

Mpishi mkuu alikuwa Mama Sefu, mama wa Misigiri, mfupi, mnene, mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Alinigundua asubuhi ya kwanza. Alinipa unga wa uwele nipike uji, nami nikaumimina mkavu ndani ya maji yanayochemka, nikakoroga kwa nguvu zangu zote za stesheni. Ukatoka uji wenye madonge makubwa kama mayai. Mama Sefu akachota donge moja, akalipasua, ndani unga mkavu kabisa. Akanitazama kwa huruma.

"Baba," akasema, "wale mafundi wa reli wako hai?"

Hakunisemea kwa mwalimu mkuu. Alinifundisha. Unga wa uji unaukoroga kwanza na maji ya baridi mpaka ulainike, ndipo unautia kwenye maji ya moto huku mkono wa pili hauachi mwiko. Maharage yanalala kwenye maji usiku kucha, na maji yale unayamwaga, huyapikii. Maharage yakishachemka, unapunguza kuni, kwa sababu moto mkali hupasua ganda na kuacha moyo mgumu. Ninyi mnaopika kwa gesi mnazungusha kitufe tu. Sisi kitufe chetu kilikuwa kuvuta kuni kwa mkono, na nyusi zangu za wakati ule zilikuwa zinaota na kuungua, zinaota na kuungua.

Ila kulikuwa na jambo moja la Mama Sefu ambalo sikulipenda. Chakula kikiiva, alikuwa anachukua sahani ya bati kama za watoto, anajipakulia kutoka sufuria ileile, anabeba kigoda chake na kwenda kukaa katikati ya wale wadogo wa darasa la kwanza. Anakata tonge la kwanza yeye. Anatafuna. Anasema "mmh!" kwa sauti ya watu wote kusikia. Hapo ndipo watoto wanaanza kula.

Mimi nikasema moyoni, mama huyu ni mlafi. Mshahara anapokea, bado anakula cha watoto! Nikiutazama unene wake, ushahidi nikawa nao. Hekima yangu iliishia hapo.

Alipostaafu na kurudi kwao, nikawa mkuu wa jiko. Jamani, cheo ni kitu kibaya kwa mtu mwenye akili ndogo. Jambo la kwanza nililofanya ni kutangaza kwenye kikao kwamba kuanzia sasa mtu wa jikoni hagusi chakula cha watoto, hata tonge. Walimu wakapiga makofi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nami nikaongeza amri ya pili palepale: mtoto hachezi mpaka sahani yake iwe tupu. Wakapiga makofi tena.

Sikuwaambia kwamba mimi kutokula kwangu hakukuwa na gharama yoyote. Mke wangu, Mama Rehema, ni fundi wa jiko kweli, si kama mimi. Kila siku alinifungia hotpoti kwenye kikapu: leo wali na kuku wa kienyeji, kesho ugali laini wa mtama na mlenda uliotiwa karanga. Mchana nikishawapakulia watoto, nakaa nyuma ya stoo kivulini, nafungua kifuniko, harufu inatembea mpaka madarasani. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Cha sufuria kubwa sikukionja. Cha nini? Chumvi niliipima kwa kiganja, na kiganja changu nilikiamini.

Na sahani zilirudi tupu! Tupu zinang'aa. Mwalimu mkuu alipopata wageni aliwaleta jikoni wazione. Nilisimama pembeni nimefunga aproni, nimevuta tumbo ndani, nasubiri kusifiwa.

Mwaka huo ndipo alipokuja Hadija.

Alikuwa mtoto wa darasa la kwanza, mdogo hata kwa umri wake, lakini ana mashavu ya kujaa na macho yasiyotulia. Aliletwa na bibi yake, mzee mwembamba aliyejitanda khanga mbili, kutoka mbugani huko ambako lori la mahindi hupita likipenda. Bibi hakwenda ofisini kwanza. Alikuja moja kwa moja jikoni.

"Wewe ndiye unayepika?"

"Ndiye mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Basi nisikilize, baba. Huyu ndiye niliyebaki naye. Ndugu zangu wote wananicheka, wanasema nampeleka mtoto akafe njaa kwa watu, kwamba shule si chakula. Mimi nataka asome. Lakini nitakuja shule ikikaribia kufunga. Nikimkuta na mashavu haya, nitamrudisha muhula ujao. Nikikuta mifupa, naondoka naye, na hapa hamtamwona tena."

Nikamwambia, "Mama, ondoa shaka. Hapa sahani zinarudi tupu." Nilisema hivyo huku nimeweka mkono kiunoni.

Mtoto yule alipenda shule hadi nikashangaa. Jioni alikuja jikoni, si kwa chakula, alikuja kusoma magunia. Anaweka kidole kwenye maandishi ya gunia la unga, anakokota herufi moja moja: do-na. Kisha anaruka kwa furaha kama ameokota hela. Alipomaliza magunia akahamia kwenye madebe ya mafuta ya alizeti. Nikawa namgeuzia gunia upande wa pili apate maneno mapya. Kwa hiyo nilijua vizuri ni kitu gani kingepotea kama bibi angemchukua.

Naye akaanza kukonda. Mwanzoni nilijifanya sioni. Kisha matroni wa bweni, Matroni Anna, alileta mizani ya zahanati wakawapima wadogo wote, na sindano ya Hadija ikasimama chini ya pale iliposimama alipofika. Matroni akaniita pembeni.

"Mzee, huyu mtoto anakula?"

"Sahani yake inarudi tupu kila siku. Mimi mwenyewe nimeiona."

"Basi chakula kinakwenda wapi?"

"Minyoo," nikasema bila kufikiri. Mtaalamu hakosi jibu.

Wakapewa dawa ya minyoo bweni zima. Hadija akaendelea kukonda. Nikaamua ni kipimo: nikawa nampakulia upawa na nusu, kilima kizima cha ugali, namsimamia nimeshika upawa. Macho yalimjaa machozi. Ninyi mnaomsimamia mtoto mnasema "maliza, maliza," mimi nawaambia nilikuwa bingwa wa mchezo huo kabla hamjazaliwa, na sikuwahi kushinda hata mara moja. Tonge linaloingia kwa machozi linakaa shavuni mpaka ugeuke.

Nikaja na akili mpya: biskuti. Nilimwambia Hadija akimaliza makande nampa biskuti moja. Weee! Siku ya pili wadogo wote wanaomba biskuti. Siku zilizofuata hata watoto waliokuwa wakila makande vizuri kabisa tangu zamani walikunja mikono, wanataka waone biskuti kwanza. Nilichowafundisha ni kwamba makande ni adhabu na biskuti ndiyo chakula. Mwalimu mkuu akauliza bweni limegeuka duka tangu lini. Kuzifuta zile biskuti kulinichukua muda mrefu kuliko kujifunza uji.

Sasa njooni kwenye kuku. Mlinzi wa shule alifuga kuku nyuma ya uzio wa bweni, na mwalimu mmoja alipohamishwa tukawanunua wachache kwa ajili ya kumuaga. Ninyi ni watu wa Singida, kuku mnawajua. Wa kienyeji anakimbia sana, nyama yake ngumu, mafuta ya kutafuta. Wale walikuwa na mafuta mpaka supu ikaganda juu. Nililamba vidole, nikamwambia mlinzi mbele ya watu, "Ndugu yangu, hawa unawalisha nini?"

"Mimi? Siwalishi kitu. Wanajitafutia."

Na mimi, mkuu wa jiko, mwenye sahani tupu na mtoto anayekonda, nikaitikia kwa kichwa na kuomba paja lingine.

Fahamu zilinirudia kesho yake mchana. Nilikuwa nyuma ya stoo nimefungua hotpoti, nikasikia kuku wanakimbia wote upande mmoja, mbio za kuku wanaojua saa. Nikainuka, kikapu mkononi, nikazunguka uzio. Hapo nikamkuta Hadija amechuchumaa, sahani ameiinamisha chini ya waya, na nyuma yake mstari wa watoto wanasubiri zamu zao na sahani zao. Wale wengine walitawanyika. Hadija alibaki.

"Shikamoo, babu."

Mtoto wa watu wenye adabu! Nikalazimika kusema marahaba, na ukishasema marahaba hasira inapungua nusu.

"Kwa nini unawapa kuku chakula chako?"

"Wana njaa."

"Na wewe?"

"Na mimi nina njaa."

"Sasa mbona huli?"

Akachora chini kwa kidole, akasema, "Nyumbani bibi ndiye anaanza. Anakula tonge, namwona, halafu na mimi nakula. Hapa hakuna anayeanza." Akaangalia kikapu changu. "Na wewe babu unakula vya kwenye hotpoti. Watoto wanasema mpishi anakikataa cha kwenye sufuria kwa sababu anajua kilichomo."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nimesimama pale na kikapu, paja la kuku linanukia, mbele ya mtoto anayelala njaa kwa sababu yangu. Na kwao, kama ilivyo kwa wengi wetu, mwenye kukupa chakula au kinywaji huonja kwanza mbele yako ndipo akupe, ujue ni salama na kimetoka moyoni. Mimi nimezaliwa humu humu Singida, bibi yangu alifanya hivyo kila siku ya maisha yake, na bado nilimwona Mama Sefu akifanya hivyo nikamwita mlafi.

Kesho yake nilimwambia Mama Rehema asinifungie chakula. Hiyo nayo ikawa kesi. "Nani anakupikia huko?" Nikamwambia najipikia mwenyewe. Akacheka mpaka akakaa chini, kisha akakasirika upya, maana alijua hakuna mtu anayeweza kula chakula changu kwa hiari, kwa hiyo lazima kuna mwanamke. Nilieleza mpaka jasho likanitoka.

Mchana nikachukua kigoda cha Mama Sefu, kilikuwa stoo kimejaa vumbi. Nikajipakulia kwenye sahani ya bati, nikaenda kukaa katikati ya darasa la kwanza. Hata wakubwa walisimama wachungulie. Nikakata tonge, nikachovya kwenye maharage, nikaweka mdomoni.

Lahaula! Ugali mbichi katikati. Maharage yana mchanga, meno yakasaga kitu. Mafuta yamechacha. Chumvi ya kiganja changu nilichokiamini ingetosha kuhifadhi ngozi ya ng'ombe. Na macho yote yako kwangu, na ya Hadija yako mbele kabisa. Nikameza. Machozi yakanilenga. Nikasema, "Mmh!" Huo ulikuwa uongo wa pili mkubwa wa kazi yangu, baada ya ule wa mafundi wa reli.

Hadija akakata kipande kidogo, akala.

Tangu siku ile nikapika kama mtu anayejua adhabu inayomngoja mchana. Maharage nikayachambua kwa mikono yangu, nikayaosha mpaka maji yatoke meupe. Chumvi nikaonja. Mafuta yaliyochacha nikayakataa mlangoni. Ile amri ya kumaliza sahani nikaifuta: tukawa tunapakua kidogo, anayetaka anaongezewa, aliyeshiba anaachwa aende, na hakuna anayesimamiwa na upawa. Watoto wadogo nikawaweka kwenye sinia moja, maana mtoto akiona mwenzake anakata tonge naye mkono unamwasha. Baada ya muda mlinzi akaenda ofisini kulalamika kwamba kuku wake wameingiwa na ugonjwa wa kukonda.

Lakini siku zilikuwa zimekwenda, na bibi akaja. Alifika wakati wa chakula cha mchana, na kibuyu begani. Matroni Anna akamkimbilia na mizani amwonyeshe kwamba sindano imeanza kupanda. Bibi hakuitazama. Alimshika Hadija shavu kwa vidole viwili, akamshika mkono juu ya kiwiko, akamgeuza mgongo akapapasa mbavu. Mimi nilisimama na upawa wangu.

"Haya siyo mashavu niliyoacha," akasema.

Ilikuwa kweli. Mtoto alikuwa ameanza kujaa, lakini alikuwa bado hajafika alikotoka. Bibi akamwambia akachukue nguo zake. Hadija hakulia wala hakwenda. Alikuja akanivuta mkono wa shati.

"Babu, anza. Chakula kinapoa."

Nikakaa kwenye kigoda. Nikakata tonge, na nawaambieni ukweli, niliogopa kuliko siku ya kuoa. Nikala. Bibi alinitazama mdomo nikitafuna, akanitazama koo nikimeza, kama anavyotazamwa mgonjwa aliyepewa dawa. Kisha akamtazama mjukuu wake. Hadija alikula na wenzake kwenye sinia, akamaliza sehemu yake, akageuka akasema, "Babu, niongeze."

Bibi akakaa chini. Akafungua kibuyu. Yalikuwa maziwa ya mgando, aliyabeba wanywe njiani yeye na mtoto. Akanywa funda moja mbele yangu, akafuta mdomo kwa ncha ya khanga, akanipa kibuyu.

"Mashavu yatarudi," akasema. "Wewe usiache kuanza."

Akaondoka peke yake. Mimi nililia, na watoto walipouliza nikasema ni moshi, ingawa moto ulikuwa umeshazimwa. Hadija alisoma pale mpaka akamaliza darasa la saba, na kabla hajaondoka hakukuwa na gunia wala debe kwenye stoo yangu ambalo hakulijua kwa moyo.

Sasa turudi kwa Baraka, mjukuu wangu, aliyeletwa kwa mtaalamu. Siku aliyofika nilitangaza kwa sauti ya kikao: nyumba hii hakuna soda. Mtoto akakubali, hana ubishi. Lakini mimi mchana wa jua kali huwa napenda yangu moja ya baridi, na uzee una haki zake, au sivyo? Basi nikawa naimimina kwenye kikombe changu cha bati chenye kifuniko, nainywea kando ya ukuta. Baraka akauliza ni nini, nikamwambia ni dawa ya mgongo.

Juzi alikuja akakaa karibu yangu, ameshika kiuno, uso ameukunja.

"Babu, na mimi mgongo unaniuma."

"Tangu lini?"

"Tangu nisikie dawa yako inatoa mapovu."

Mama Rehema alicheka jikoni mpaka akadondosha sufuria. Mimi sikucheka. Nilimwona Hadija pale kwenye uzio, na kikapu changu mkononi. Miaka yote ile kwenye kazi hiyo moja, nimestaafu, na bado nakula kwenye hotpoti!

Soda nimeimwaga, vijana wangu, imenywewa na mchicha. Siri nyingine sina. Sasa kila asubuhi tunakaa mlangoni, vikombe viwili, uji wa uwele usio na sukari hata chembe. Baraka hagusi chake mpaka anitazame. Nakunywa funda la kwanza, nameza, nasema "mmh!" naye anakunywa. Ni uongo wa tatu mkubwa, maana uji usio na sukari siupendi hata kidogo, lakini huu bado hajaugundua.